TV Iliyofunikwa Blanketi

Kabla ya alfajiri, swichi ya ukutani ililia tik, tik, tik nyumbani kwa bibi Sella katika mtaa wa Gatina, lakini TV haikuwaka. Radi ya jana ilikuwa imeimaliza.

Kulipopambazuka aliipakata ndani ya gari la abiria, akiipeleka kwa fundi katika mtaa wa Olympic. Jirani yake kitini, Mburu, mwenye ploti za kupangisha, alishika upande mmoja bila kuombwa. Aliposikia kuwa ni radi, akauliza, "Shosho, kwani hukuchomoa stima?" "Nilichomoa. Nikafunika kioo cha kujitazamia, na TV yenyewe nikaifunika blanketi." "Blanketi? Ilikuwa inasikia baridi?" "Mamangu alifunika vioo kila mvua iliponguruma, na radi haikumpiga." "Mamako alikuwa na TV?"

Mamake hakuwa nayo.

"Na waya wa antena?" "Huo ni wa picha, si wa stima." Mburu alifumba macho kama mtu anayeomba subira. "Antena iko juu ya mabati, shosho! Radi ikishuka inapitia hapo hapo! Wapangaji wangu nimewaambia mpaka nimechoka!" Alifoka hivyo, lakini mkono wake haukuiachilia TV hata kwenye matuta.

Wajukuu wa Sella huja Jumamosi kwa ajili ya katuni, si kwa ajili yake, na hajawahi kujidanganya kuhusu hilo. Simu ikalia. "Kukhu, imepona?" aliuliza Trizah, mjukuu wake.

Gari lilisimama Olympic. Mburu alishuka na TV mikononi, bado akisema, "Antena, shosho! Antena!"

"Bado," Sella alimwambia mtoto. "Lakini Jumamosi mje tena. Mje tu."