Waridi, Neema na Kijiti Kinachosoma Sikio

Ndugu zangu wa kikundi, namshukuru Mungu nimesimama mbele yenu nikicheka, kwa sababu mara ya mwisho hapa Kanja nilisimama nikilia. Mama watoto ni shahidi, leso ilikuwa yake.

Mnawajua ng'ombe wangu wawili, Waridi na Neema, mtu na dada yake, wamefanana kila baka. Nilijigamba kwamba mimi siwezi kuwachanganya, maana Neema ana soksi nyeupe mguu wa nyuma. Basi mvua ikaja, zizi likawa matope matupu. Waridi akaugua kiwele, daktari akamdunga sindano na kuniambia maziwa yake yasiuzwe siku tatu. Nami nikamwaga maziwa mazuri ya Neema, na yale ya Waridi, yenye dawa, nikayaleta hapa nikipiga mluzi. Yakachanganywa na yenu, na maziwa yenu nyote yakakataliwa kiwandani. Mkaniambia nikirudia nitoke kikundini. Niliumia sana, lakini haki ilikuwa yenu.

Ndipo watafiti wakaja kutoka Embu na vifungo vya sikio. Kila kifungo kina namba yake ndani. Ukisogeza kijiti chao cha kusomea karibu na sikio kinalia, unaona namba, halafu unaangalia kwenye daftari ni ng'ombe gani na alitibiwa lini. Nikakataa. Nikauliza tangu lini ng'ombe akasomwa kama gazeti. Mama watoto akangoja niende kwa kahawa, akawaita. Nikarudi nikakuta masikio yamevalishwa.

Mwezi uliofuata Waridi akaugua tena, akadungwa sindano. Kesho yake nimeshakama, nimeinua ndoo nimimine kwenye mkebe wa kikundi, mama watoto akaja na kijiti alichoachiwa na watafiti.

"Baba Kawira, ngoja kidogo. Huyu ni Waridi."

Nikabisha kwamba ni Neema. Nikachota maji nikaosha mguu. Ndugu zangu, nawaambia, niliosha mpaka ngozi ikang'aa, na soksi sikuiona. Nikakaa pale pale kwenye matope, nikacheka hadi Neema akageuka kunitazama.

Tangu siku hiyo maziwa yangu hayajarudishwa. Asanteni watafiti, asante daktari, asanteni nyinyi mlionivumilia, na wewe mama watoto, asante kwa kutonisikiliza. Na leo mmenichagua mimi kutembeza kijiti boma kwa boma! Furaha niliyo nayo siwezi kuificha.

Basi kesho asubuhi nikifika kwako, usinieleze vile unavyowajua ng'ombe wako. Mshike tu kichwa nisome sikio. Hata mimi nilikuwa nawajua wangu.