Siku ya Tisa ya Sadick

Kijiwe cha Tawakali, pale Kivinje nyuma ya soko, ni ubao mmoja wa mvule uliolazwa juu ya matofali, jiko la mkaa, birika la kahawa na sinia la kashata. Mwaka ule wa korona kilipata na ndoo ya maji yenye koki, na sabuni iliyofungwa kamba isije ikatembea. Ukutani kulipigiliwa misumari, kila msumari na kikombe cha mtu, maana Tawakali alikuwa ameapa kwamba kwake hakuna mdomo utakaorithi kikombe cha mdomo mwingine mpaka dunia ifunguliwe. Ubao wenyewe ulichorwa mistari ya chaki, mita moja moja, na aliyeichora ni Abdulatifu, seremala mstaafu ambaye mji mzima unamwita Fundi Pima kwa sababu hata msibani haendi bila futi ya chuma mfukoni. Kukaa mbali mbali huko hakukuwapunguzia watu maneno. Kuliwafanya wapaze sauti tu.

Asubuhi hiyo Fundi Pima alifika na uso uliokunjamana, akanawa mikono mara mbili, akakaa kwenye mstari wake bila kumtania mtu. Wenzake walikuwa katikati ya hoja ileile ya kila siku. Shule zilikuwa zimefungwa karibu mwezi, mipira imesimama, harusi zimeahirishwa, na kila mmoja alikuwa na tarehe yake ya kufungua nchi kana kwamba funguo zote ziko mfukoni mwake. Abdulrazak, fundi wa simu aliyebatizwa jina la Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa akisema Jumatatu ijayo. Mzee Likwata, mvuvi wa pweza anayeitwa Bamvua, alikuwa akisema bado sana. Masikio ya Bamvua yalikwishachoka, kwa hiyo alijibu zaidi ya alivyosikia.

Fundi Pima aliwaacha waseme, halafu akawaambia kwa sauti ndogo kwamba binti yake Nusaiba alikuwa amejifungua jana alfajiri. Mtoto wa kike.

Wakamshukuru Mungu kwa zamu. Tawakali akammiminia kikombe na kukataa malipo. Lakini uso wa Fundi haukukunjuka, na kila mtu pale alijua sababu. Mkwe wake Sadick, dereva wa lori, alikuwa amerudi kutoka mpakani siku tisa zilizopita. Kabla hajavuka kizingiti cha nyumba ya mkwewe, bwana afya alimkuta uani akasema siku kumi na nne, akae peke yake. Fundi mwenyewe ndiye aliyenyoosha kidole kwenye banda la korosho nyuma ya nyumba na kusema, ingia mle, tutakufungia. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena upande ule, kwa aibu. Mke wake Maimuna ndiye aliyepeleka chakula.

— Sasa mtoto hajaadhiniwa, akasema Fundi. Nimetaka kumwadhinia mimi, babu yake. Nusaiba amekataa. Anasema sauti ya kwanza ya Mungu mtoto ataisikia kwa baba yake, si kwa mtu mwingine. Analia tangu jana. Ananiambia, baba, mfungulie japo dakika mbili.

— Na wewe umemjibu nini? akauliza Tawakali.

— Nimemwambia naenda kufikiri.

Basi alikuwa amekuja kufikiri pale, mahali ambapo watu wote walikuwa wamechoka kufungua nchi ambayo hawakuwa na amri nayo, na sasa wamepata mlango mmoja wa kweli. Wakauvamia.

Redio alikuwa wa kwanza. Alieleza kwamba hizo kumi na nne zilipimwa kwenye nchi za baridi, ambako hata mkate unakaa wiki haujaota ukungu. Kwa joto la Kivinje, ugonjwa unaishi nusu tu ya hapo. Saba. Sadick alikuwa na siku tisa, kwa hiyo siku mbili nzima alikuwa amekaa bure.

— Umepima wapi hiyo nusu? akauliza Fundi, na mkono wake ukaenda mfukoni kwenye futi.

Redio akasema mambo mengine hayapimwi, yanaeleweka.

Tawakali hakukubaliana na saba wala kumi na nne. Kwake kitu chochote kilichofungiwa ili kitoke salama kinahitaji siku ishirini na moja, na ushahidi wake ulikuwa kuku. Alisema hajaona kuku anayeshuka kwenye mayai siku ya kumi na nne kwa sababu bwana afya kasema. Redio akamuuliza kama Sadick anataga. Tawakali akampokonya kashata.

Hapo Bamvua, aliyekuwa amelisikia neno mayai peke yake, akaingia kwa nguvu zake zote. Alizaliwa Songosongo, na miguu yake ilikwishapauka kwa miaka arobaini ya kutembea juu ya mwamba maji yakitoka. Akawakumbusha jinsi wavuvi wanavyokubaliana kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu, asiguse mtu, kisha wanaufungua kwa siku moja kijiji kizima kikiwa pwani. Aliwahi kuona mwamba ukifunguliwa kabla ya wakati kwa sababu ya harusi ya mtu mkubwa. Walitoa pweza wadogo kama ngumi, na mwaka ule mwamba haukutoa tena kitu.

— Miezi mitatu, akasema. Chini ya hapo mnavuna watoto.

— Mzee, pweza hana mke anayemlilia, akasema Redio.

Bamvua akaweka kikombe chini. Fundi alimjua mzee huyo tangu utotoni na hakuwa amemwona akiweka kikombe kikiwa bado na kahawa.

— Pweza jike akiwa na mayai anaingia shimoni, akasema polepole. Anavuta mawe kwa mikono yake, moja moja, anajiziba mwenyewe. Hali. Ukimpelekea kaa mdomoni anamsukuma. Anayapepea mayai kwa maji mpaka yapasuke. Mimi nimekuwa nikipita na mkuki wangu, nikiona mawe yamepangwa namna ile, mkono unakataa. Nawaapia, mkono unakataa.

Tawakali alisahau kupepea jiko, mkaa ukafifia.

Lakini kijiwe hakiwezi kukaa kimya bila kuumwa. Redio alipata wazo jipya na hilo lilizaa mengine. Mlango usifunguliwe, ila Fundi atoboe tundu la sikio, mtoto apitishwe kichwa tu. Tawakali akasema tundu ni hatari, afadhali mwanzi mrefu utobolewe fundo, baba aseme huku na sikio liwe kule. Fundi, Mungu amsamehe, alitoa futi akaanza kukadiria mwanzi wa mita ngapi. Redio akasema mwanzi hauna haja, waazime kipaza sauti cha msikiti. Tawakali akamuuliza kama anataka Kivinje yote iadhiniwe upya, wazee na wajukuu wao. Bamvua akauliza ni nani aliyefariki.

Kisha wakafika kwenye upepo. Redio alidai ugonjwa unasafiri na upepo, na kwa kuwa kusi imeanza, na banda liko kusini mwa nyumba, basi kila pumzi ya Sadick inakwenda kwa mtoto. Jibu ni kusubiri kaskazi irudi, hapo mlango utafunguliwa kwa usalama kabisa.

— Kaskazi inarudi mwezi wa kumi na mbili, akasema Fundi.

— Ndiyo.

— Mtoto atakuwa anakaa mwenyewe.

— Si ndiyo vizuri, atasikia vizuri zaidi, akasema Redio, na wala hakuwa anatania.

Fundi Pima alikunja futi yake. Alikuwa amekuja kutafuta namba moja, na sasa alikuwa na saba, kumi na nne, ishirini na moja, miezi mitatu na mwezi wa kumi na mbili. Akili yake ilikuwa imechoka. Kilichomwuma zaidi ni kwamba katika namba zote hizo aliona mkono wake mwenyewe umeshika mlango. Akimfungulia, na mtoto akaugua, ni yeye. Asipomfungulia, machozi ya Nusaiba ni juu yake.

Wakati huo pikipiki ilisimama, na mtu mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope akashuka. Aliwaamkia shikamooni wazee, wakaitikia marahaba. Alijitambulisha kuwa anaitwa Valentini, ametoka kule juu kwa Wamakonde kutafuta samaki wakavu wa kwenda kuuza, na akaomba kahawa. Tawakali alimwambia hapa kila mtu na chombo chake. Mgeni hakubisha. Alifungua chupa yake ya chai, akatoa kifuniko, akakinga, kisha akasimama pembeni akinywa na kuwasikiliza wakianza tena saba na kumi na nne. Alimaliza kifuniko kizima bila neno.

— Samahanini wazee, akasema. Ufunguo wa hilo banda anao nani?

— Mke wangu, akasema Fundi Pima.

— Anao bwana afya, akasema Tawakali wakati huohuo.

— Si uko kwa mwenyekiti wa mtaa? akasema Redio.

Wakatazamana. Bamvua naye akamtazama kila mmoja usoni, akingoja aambiwe kinachoendelea. Mgeni alikung'uta kifuniko chake, akakirudisha kwenye chupa.

Fundi Pima alikuwa ameganda na futi mkononi. Macho yake hayakuwa yakiona soko wala birika. Yalikuwa yakiuona ule mlango. Aliutengeneza mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, msimu ambao wezi wa korosho walisumbua, akawa analala bandani na magunia yake. Mbao sita za mkangazi na bawaba mbili. Nje hakuweka pete ya kufuli kwa sababu hakukuwa na haja. Aliweka komeo moja la mninga, zito, na aliliweka upande wa ndani.

— Ndani, akasema.

— Ndani nini? akauliza Tawakali.

Fundi hakumngoja. Aliinuka akaacha futi yake juu ya ubao, jambo ambalo halijapata kutokea, na wote wakamfuata, hata mgeni, kila mmoja kwa mita yake.

Nyumba haikuwa mbali. Maimuna alikuwa uani akisuuza vyombo, na alipoulizwa ufunguo aliuliza ufunguo upi. Anaweka sahani kwenye kigoda, anarudi nyuma, Sadick anafungua, anachukua, anafunga. Siku zote ndivyo. Alidhani mumewe anajua.

Fundi Pima alisimama katikati ya ua, hatua kama ishirini kutoka kwenye banda. Dirishani kwa nyuma alikaa Nusaiba na mtoto kifuani, macho yamevimba. Mtoto alikuwa akilia kilio kile chembamba cha watoto wa siku mbili.

— Sadick.

— Naam, baba.

— Mbona hukuniambia mlango hauna kufuli?

Bandani mkeka ukakwaruza, kama wa mtu aliyeinuka.

— Nilidhani unajua, baba. Si umeutengeneza wewe.

Fundi alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Siku tisa alikuwa akijiona askari jela. Siku tisa alikuwa akijiuliza lini atamfungulia mtu ambaye, wakati wowote, usiku au mchana, angeweza kuvuta kipande kimoja cha mti na kutoka. Na jana alfajiri, mtoto wake wa kwanza alipoletwa duniani, mtu huyo alikuwa amekaa mle gizani peke yake na mkono karibu na komeo. Fundi aliogopa kidogo, hofu ile inayompata mtu akiingia mahali patakatifu na viatu.

— Mwanangu, akasema, mwadhinie mwanao hapo hapo ulipo. Sauti ikimfika, imemfika.

Nusaiba alimsogeza mtoto karibu na nondo za dirisha, sikio la kulia likielekea bandani. Bandani kikaguswa kitu, kidirisha kidogo kikafunguka, na vidole vinne vikaonekana ukingoni. Kisha sauti ikatoka. Sadick hakuwa mwadhini. Alikuwa dereva wa lori, na sauti yake ilizoea kupigana na injini. Ilianza kwa kukwama, ikatetemeka, ikapata njia, ikapanda juu ya paa la makuti na juu ya mpapai. Saa nne asubuhi, wakati usio wa sala yoyote, watu sokoni waliacha kupima dagaa. Kule kwenye kona mtu alizima redio. Bamvua alisikia, na kwa kuwa aliisikia adhana bila kuambiwa na mtu, aligeuka haraka kutafuta maji ya kutawadhia. Hakuna aliyemzuia.

Mtoto alikuwa amenyamaza. Fundi Pima alimwona akikodoa macho yake yasiyoona bado, kichwa kimeinama upande ule sauti inakotoka, na mdomo umeachama kama anayetaka kujibu. Redio alikuwa akilia waziwazi, hana hata haya ya kujifuta. Valentini alikuwa amevua kofia.

Adhana ilikwisha. Nusaiba alisema neno moja tu kuelekea bandani, jina la mumewe, taratibu.

Ndipo wakalisikia komeo. Fundi aliijua sauti ile, mninga juu ya mninga, kwa kuwa alilichonga kwa randa yake mwenyewe na kulipaka mafuta ya nazi. Lilivutwa kidogo. Likasimama. Maimuna aliweka chini sahani aliyokuwa nayo mkononi.

Likarudi. Lilisukumwa polepole mpaka mwisho, likagonga mahali pake, na vidole vinne vikaonekana tena dirishani.

— Bado tano, baba, akasema Sadick.