Kondoo wa Cwm Helyg Wasishuke Mlimani

Sikilizeni, wanangu, wewe Achola uliyeketi hapa ukichungulia mtungi wa hewa kila nikikohoa, na wewe Kiptoo uliyefungiwa huko Smithfield, katika mji huu huu, na korona yako, ambaye nakuona kwenye simu tu. Usiizime hiyo simu, Achola, hata nikinyamaza. Pumzi niliyonayo inatosha jambo moja, nami naogopa itaniishia njiani, kwa hiyo msiniambie nipumzike.

Kiptoo, umeita lori. Jana Gwenllian, jirani yetu wa kule Wales, alinipigia akilia, akiniuliza kama ni kweli lori linakuja asubuhi ya leo kuwachukua kondoo wa marehemu Emrys, baba aliyewalea, na kuwapeleka mnadani, na nilipokuuliza ukanijibu, "It's just sheep, Mum. We can always buy more." Ati ni kondoo tu, wengine watanunuliwa, nami wakati huo nilikuwa natafuta pumzi. Shamba nimekwisha kuwaandikia nyinyi wawili, sina amri nalo tena, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Siamrishi. Nawaomba, na sijawahi kuwaomba kitu kwa hofu namna hii.

Hamwezi kununua wengine. Mlima ule hauna uzio hata mmoja, na bado kondoo wa kila shamba hukaa upande wao mwaka mzima, mvua na theluji, kwa sababu kila jike humzoesha mwanawe malisho yale, na mwana akikua humzoesha wake, tangu enzi za mababu wa Emrys. Aliponieleza mara ya kwanza nilimcheka. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Kwetu kondoo asiye na mchungaji ataliwa na fisi au atakula mahindi ya jirani, na yote mawili ni kesi. Emrys akanipandisha mlimani, tukakaa kwenye jiwe kutwa nzima, na macho yangu yakaona kondoo wakifika mahali pasipo na ukuta wala kamba, wakageuka wenyewe.

Wakishushwa hao, ujuzi ule umekwisha. Ukileta wageni watatapakaa mlima mzima, na wa Gwenllian nao watahamia pale palipobaki wazi, na majirani ambao hukusanya mifugo yao kwa pamoja kila msimu wa kukata manyoya watashinda wakigombana kuhusu nani ni wa nani. Ndiyo maana kule mtu akiondoka huwaacha kondoo na shamba. Hawatenganishwi. Ulikulia pale, Kiptoo, lakini ulikuwa na mpira wako na vitabu vyako, na sisi tuliona fahari kukuacha usome.

Nilifika Cwm Helyg nikiwa nesi wa kuwazungukia wazee majumbani, mjane mwenye watoto wawili, na kijiji chenyewe kilikuwa kanisa, duka moja na watu waliojuana mpaka kikohozi. Emrys alipotaka kunioa, Huw wa shamba la chini alisimama mbele ya watu akamwambia kwamba mwanamke aliyetoka mbali siku moja atauza kondoo, ataondoka na kuuacha mlima mtupu. Nilimwekea kinyongo miaka na miaka. Nilijifunza kusaidia kondoo kuzaa, mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, ili nimwonyeshe Huw tu, mpaka siku moja nikajikuta naipenda kazi yenyewe.

Halafu nikaja huku mlikohamia, upande wa pili wa dunia, kumwona mjukuu, mipaka ikafungwa, na Emrys akafa nikiwa hapa Doonside. Watu walikatazwa kuingia kanisani, kwa hiyo kila nyumba ilisimama langoni kwake gari la maiti likipita, na Gwenllian aliniinulia simu nikaona bonde zima limepanga mstari kando ya barabara. Huw alikuwepo, kofia mkononi. Nililia kwa sababu ya Emrys, na nililia pia kwa sababu walimsindikiza kwa niaba yangu. Watu hao ndio mnaotaka kuwaachia fujo.

Basi fanyeni hivi. Shamba mkodisheni Mared, binti wa Gwenllian, pamoja na kondoo wote. Mkija kuliuza, liuzeni na kondoo wake. Vyombo vyangu ni vya Achola, na saa ya Emrys ni ya Kiptoo. Mimi nizikeni hapa karibu, msisubiri ndege, msichangishe watu pesa za kunisafirisha. Mwili wangu... hauna haja ya kwenda popote.

Kiptoo, huku kwetu jua limezama, kule Wales ni asubuhi. Mpigie Gwenllian sasa, uunganishe simu nisikie. Usimwambie mama amesema. Kwenye karatasi mimi si mtu tena. Sema wewe.

Achola, amekata? Ah... anaunganisha. Niletee sikioni. Huyo mbwa ni wa Gwenllian. Na hiyo injini... lori limefika. Mungu wangu. Wameshafungua mlango wa nyuma, nasikia kwato kwenye chuma. Kiptoo, usilie, sema.

"Take them off. They're staying, all of them. They're ours."

Rudia, baba. Dereva hajasikia kwamba wanabaki wote, injini... rudia kwa nguvu.

...Imezimwa. Achola, umesikia? Imezimwa.

Mungu awakumbuke, wanangu, kama mlivyonikumbuka. Awape watoto wa kuwasikiliza. Msiachane nyinyi wawili... msiachane. Mtungi uache, Achola. Shika tu simu. Gwenllian anawapigia mluzi... wanapanda mlimani.