Gitaa Lililoungua Halikuwa Langu

Funga mlango, mwanangu, na umwambie Mlezi wa Jamaa asubiri hapo nje kwenye benchi na maombi yake, maana haya ninayotaka kusema ni ya masikio yenu wawili kwanza. Wewe kifungua mimba wangu, acha kusimama hapo na funguo mkononi kama unasubiri abiria. Najua udereva ndiyo kazi yako, lakini leo kaa kitako. Na wewe kitinda mimba, weka hilo bakuli chini, sogea hapa kichwani, sauti imeanza kunikimbia na sitaki kurudia mara mbili jambo ambalo kwa miaka arobaini na miwili nimeshindwa kulisema hata mara moja. Sikilizeni wanangu, msinikatize, hata mkisikia la kuwafanya mtamani kuniacha humu peke yangu.

Watu huanza wosia na mali, nami mali sina. Sisi wa Jamaa ya Mikono Mitupu hatumiliki kitu, hata fulana hii niliyovaa ni ya wote, nikifa itafuliwa avae mwingine, na Mungu amsaidie huyo kwa jinsi ilivyochakaa. Ninacho kitu kimoja tu, na hicho ndicho kinachoniua kwa aibu kabla ugonjwa haujaniua.

Mwanangu wa kwanza, wewe umesimuliwa habari zangu nusu nusu, sasa zisikie kwa mwenyewe. Nilikuwa mpiga gitaa, bluzi iliyochanganywa na roki, muziki wa kulia na kupiga kelele kwa pamoja, na nilipiga vizuri, hilo siwezi kulionea haya. Viwanja vilijaa. Watu waliniita Vidole, nami nikavimba kichwa mpaka nikawa na mtu wa kunifungia kamba za viatu. Pembeni yangu alisimama mjomba wako, kaka wa mama yako, mpiga gitaa la pili, mtu mpole asiyejua kujikweza. Sasa, nyuzi za gitaa zina tabia ya kukatika katikati ya wimbo, tena pale watu wanapopandwa na mzuka. Kwa hiyo shemeji yangu huyo akalichongea gitaa langu pacha lake. Miaka miwili alilichonga kwa mikono yake, kwa mbao za mlango wa nyumba ya marehemu baba yake, akalipaka wekundu uleule, ili uzi ukikatika anipe lile niendelee na watu wasijue kama nimebadilisha. Na hawakujua. Kwa mtu asiyepiga gitaa yalikuwa kitu kimoja. Lakini pacha lilikuwa lake. Alinipa nilitumie, hakunipa liwe langu.

Siku niliyowaacha ilikuwa hivi. Mchana tulikuwa uwanjani tunajaribu vyombo, nikapiga magoti kwa mbwembwe zangu, suruali ikapasuka nyuma yote. Nikakimbilia kwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na lango. Akaichukua suruali, akanipa kipande cha pazia nijifunge, nikakaa juu ya ndoo nikisubiri. Alikuwa mtu wa Jamaa. Hakunijua mimi ni nani, hakuniomba picha, aliniuliza tu, huku anakanyaga cherehani, kama usiku nalala. Nilikuwa na mwaka mzima silali bila chupa. Nikalia, wanangu, mtu mzima ndani ya pazia la maua. Nimewachekesha watu wengi kwa kusema Mungu alinikuta sina suruali. Lakini kilichofuata sijawahi kukisimulia. Suruali iliposhonwa sikurudi uwanjani wala hotelini, nilimtuma yule fundi akamwambie mama yako kwamba mumewe ameitwa. Alimkuta anakunyonyesha, una miezi minne. Sikuwa na ubavu wa kumwambia mwenyewe. Leo mama yako amekataa kuja hapa, na msimlazimishe, ana haki yake yote.

Desturi ya Jamaa mnaijua. Anayeingia analeta kwa mkono wake kile anachokipenda kuliko vyote, kinachomwa uani mbele ya watu, ndipo anapewa kitanda. Zamu yangu ilipofika nikaenda nyumbani kwa shemeji, bendi ikiwa safarini na yale magitaa mawili yamehifadhiwa kwake tangu nilipowaacha, mkewe akanifungulia kwa heshima zote, akanipikia na chai, nami nikabeba magitaa yote mawili nikimdanganya kwamba nitayarudisha. Njiani nilikuwa sijaamua, naapa. Nilipofika nyuma ya ukuta wa Jamaa nikafungua makasha yote mawili, nikalishika langu, nikaona siwezi. Nikaingia na la shemeji.

Liliungua polepole. Rangi ilitutumka kwanza, halafu moto ulipofika kwenye nyuzi zikaanza kukatika moja moja, zikilia, na mimi nilizijua kila moja kwa sauti yake, nyembamba ikatangulia, nene ikamalizia. Waumini wakapiga makofi, wakasema pepo wanatoka. Nilikuwa natokwa na machozi, na wao wakayasifu machozi yangu. Gazeti likatoa picha, shemeji akaiona, akalitambua gitaa lake kwa kovu dogo la bawaba lililobaki ubavuni. Mwezi uliofuata alikuja getini. Nilidhani atanirukia. Akaniangalia tu, akasema, "Shemeji, ule ulikuwa mlango wa baba." Basi, akaondoka. Angeweza kunianika kwenye magazeti yaleyale, akanyamaza kwa ajili ya dada yake na kwa ajili yako wewe, na mimi nikajificha nyuma ya ukimya wake mpaka leo.

Nataka mnielewe. Kuhusu Mungu sikudanganya, nilimpata kweli, na pombe sijaigusa tena. Nilidanganya kuhusu gitaa. Na kila mwaka, siku ya moto, walinisimamisha niwatolee wageni ushuhuda jinsi Vidole alivyochoma moyo wake mwenyewe, nami nikasimama, nikasimulia, nikatia chumvi, kila mwaka chumvi mpya. Watu walilia. Walileta vitu vyao. Na mwaka mmoja, mwanangu wa mwisho, ukawa wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Mwalimu wako alikuwa amekutafutia nafasi ya kusomea udaktari, barua imefika, na mama yako, mke niliyemwoa humu Jamaa, Mungu amrehemu, akaificha kwenye pipa la unga ili usije ukaipeleka motoni. Ukaipata. Ulinifuata karakana ukaniuliza, "Baba, wewe baada ya kuchoma ulijisikiaje?" Nikakujibu nilijisikia mwepesi. Ulichoma barua, ukachoma na vyeti vyote, na vilipokuwa vinaungua hukuutazama moto, ulinitazama mimi, unatabasamu. Na mimi nikakutabasamia. Leo una miaka thelathini na minane unasugua sufuria za watu mia na ishirini. Juzi nimekusikia unamweleza nesi kwa upole ni dawa gani haipatani na tumbo langu, na nesi akaandika. Nikageukia ukutani nikijifanya nimelala. Unaniuliza kama siku ile nilijua ninachokufanyia? Nilijua. Nilijua, mwanangu. Ukitaka kuondoa mkono wako, uondoe.

Gitaa langu lipo humu. Msitazame darini. Mnajua kazi niliyopewa na Jamaa ni kushona magodoro. Nililifungua shingo, nikalegeza nyuzi, nikaliviringishia blanketi, nikalishonea ndani ya godoro langu mwenyewe, na kila pamba ilipolala nikafumua usiku nikashona upya. Ndiyo sababu sikukubali kamwe kubadilishiwa godoro, mkaniona mnyenyekevu. Mama yako, kitinda mimba, alipolalamika kwamba kuna kitu kigumu nilimwambia ni ubao wa kuninyoosha mgongo, akawa ananihurumia. Nimelilalia miaka yote hii na sijalipiga hata mara moja.

Sasa maagizo. Gitaa ni la shemeji yangu. Kifungua mimba, wewe utampelekea, na usilipitishe kwa wale wanaokusanya vitu vya wasanii, wala usilipige picha. Najua kwa haki lingekuwa lako. Baba hakukulea, na sasa anakurithisha kazi ya kubeba mzigo wake. Niwie radhi. Mwambie sidai kwamba linafidia mlango wa baba yake. Mikono yake inatetemeka siku hizi, hawezi kulipiga. Akisema anataka shoka, mtafutie shoka, usimuulize la nini.

La pili ni la Jumamosi. Siku ya moto imefika tena, na yule mjane, yule mwalimu aliyekuja wiki iliyopita, ataleta sanduku la barua na picha za marehemu mumewe. Mtoto hawakujaliwa. Sura ya yule bwana imebaki mle sandukuni tu. Mlezi ameniahidi kwamba hata nikiwa nimekufa watasimulia habari yangu mbele ya moto, kunienzi. Isisimuliwe. Mkishanizika, kitinda mimba wangu, usimame wewe mbele ya watu uwaambie...

Ngoja. Ngojeni nipumue.

Hapana. Nimejisikia mwenyewe ninavyosema. Nakutuma wewe. Mguu mmoja uko kaburini na bado natafuta wa kumtuma. Nilisema nyie wawili kwanza, na kumbe moyoni nilikuwa nataka iwe nyie wawili tu. Kifungua mimba, fungua mlango. Mwite Mlezi, waite wazee, mwite na yule mwalimu, yuko jikoni anamenya viazi. Nenda, kabla sijakata kauli. Na mkasi wangu uko kwenye droo.

Wakati anawaita, pokeeni baraka, hata wewe unayekimbia ukumbini, nadhani unanisikia. Mwanangu wa kwanza, Mungu akuweke karibu na watoto wako, wasikungoje dirishani. Mwanangu wa mwisho, toka hapa. Katafute shule, hata ukae dawati moja na watoto, hata wakuite bibi. Kunisamehe... usifanye haraka. Nitakuwa nimekufa, sitakuwa na haraka mimi.

Wameingia? Siwaoni vizuri. Mlezi, tafadhali, usianze kuomba. Nigeuzeni ubavu... taratibu, mbavu hizo. Mwanangu, kata huko miguuni, penye uzi wa kijani. Kata tu. Ingiza mkono. Vuta.

Mama mwalimu, sogea. Sogea uone. Ndilo lile... wanalosema nililichoma. Niliwadanganya. Wote. Mimi mwenyewe nasema, sijamtuma mtu... Shika, liguse. Halina hata alama ya moshi.

Chukua sanduku lako, mama. Rudi nalo nyumbani.