Piano ya Mwalimu Imekuwa ya Nani?

Nje ya duka la kinyozi benchi ni moja na birika la kahawa ni moja, na asubuhi hiyo yote mawili yalikuwa ya watu watatu. Fundi wa piano alikaa katikati ya Kinyozi na Dereva Mstaafu. Miezi miwili mizima aliifumua piano ya Mwalimu wa kwaya, mzee wa miaka sabini na miwili. Akatia vinyundo vipya vya kugonga nyuzi, akavivika sufu mpya, akavilinganisha vibao vya kubonyeza, vyote themanini na nane, hadi vikawa vinashuka kina kimoja, visipishane hata unywele. Mwalimu akapiga ubeti mmoja, akafunika piano, akauliza kwa upole, "Ya nani hii?" Sasa ni wiki ya pili hajaigusa.

— Kwaya nzima imenyamaza, alisema Fundi. Kwa mikono yangu hii.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Kinyozi. Sufu ngeni hiyo. Itwangwe mpaka izoee.

— Atwange nani, na mwenyewe kasusa?

— Wewe! Hamia huko na godoro lako.

Dereva Mstaafu alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Sikilizeni. Gari langu la miaka ishirini, klachi ilishika juu kabisa. Wakaitengeneza. Siku hiyohiyo nikagonga ukuta wa nyumba yangu! Mguu una akili zake, na vidole vya mzee vivyo hivyo. Avifundishe upya. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki gani wa miaka sabini na miwili?

— Basi mrudishie sufu yake ya zamani.

— Ililiwa na nondo, mzee wangu. Nimeshaitupa.

— Tafuta nondo wengine, alidakia Kinyozi. Wafuge humo ndani, waitafune pale pale palipotafunwa!

Fundi hakucheka. Kazi ilikuwa safi, na hilo ndilo lililomuuma.

Dada mmoja, aliyesimama mlangoni akimsubiri mumewe anyolewe na msaidizi wa Kinyozi, aligeuka.

— Samahani, kaka. Huyo Mwalimu, akiwa peke yake, hupenda kupiga wimbo gani?

Dereva alimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Fundi. Fundi alijua uzito wa kila kibao, alijua kipi kilikwama siku za mvua na kipi kilitoa mlio wa mbao kavu.

— Sikuwahi kukaa nimsikilize, alisema Fundi. Nilifika tu, nikaanza kufungua skrubu.

Hakuna aliyepata methali. Fundi akainuka, akavuka barabara kwenda kubisha hodi kwa Mwalimu, mikono mitupu, bila hata bisibisi.