Waling'oa Migomba Kabla Sijafa

Bwana Yesu asifiwe! Hee, mbona mnaitikia kama watu ambao hawajanywa chai? Bwana Yesu asifiwe! Haya, sasa nimesikia. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa ndizi na kahawa kule Nyakakika, Karagwe. Mmeniita hapa Kimuli niwaeleze jinsi nilivyougua kansa ya titi nikapona, nami nitaeleza yote. Ila majina ya watu sitayataja, maana wengine nasali nao na mwingine nalala naye kitanda kimoja. Chekeni tu, ndiyo ukweli.

Uvimbe ulianza mdogo, kama harage, hapa kushoto. Sikuchelewa, hilo najisifu. Nilienda hospitali, wakanikata kipande cha nyama wakapime. Siku ya majibu tulikwenda watatu: mimi, mume wangu, na shemeji yangu, yaani kaka mkubwa wa mume wangu. Nesi akatoka mlangoni akasema, "Ndugu wa mgonjwa waingie." Nami nikainuka. Akanishika bega, "Wewe mama pumzika hapo kwenye benchi."

Nikapumzika! Ndugu zangu, nawaambia, titi ni langu, kidonda walichonikata bado kinauma, halafu majibu wanasomewa wanaume wawili ambao tangu wazaliwe hawajawahi kunyonyesha mtu. Walipotoka, mume wangu alikuwa anaangalia ukuta. Shemeji ndiye akasema, "Ni jipu la ndani tu. Meza dawa hizi, litakauka." Nikameza dawa, nikaendelea na palizi.

Sasa sikilizeni vituko. Wifi yangu, ambaye hajawahi kuniazima hata chumvi, akaja na kuku. Wengine wakaja na senene wa kukaanga, wengine na maziwa, wote wananiangalia kwa huruma na kuongea polepole. Kwa jipu? Na mume wangu! Huyu bwana ndizi zikiungua kidogo nyumba haikaliki. Siku hiyo ziliungua kweli, mpaka jirani amesikia harufu, yeye akala akasema, "Asante, mke wangu." Jamani, niliogopa. Nikajiuliza huyu mtu ana nini.

Siku moja nimetoka kisimani, napita katikati ya kibanja chetu, shamba letu la nyumbani, namkuta shemeji na vijana wake wanang'oa migomba. Wanang'oa migomba mizima, yenye mikungu michanga, pale pembeni ya kaburi la baba mkwe. Ninyi ni watu wa huku, hamhitaji kufundishwa. Nani kwetu anang'oa mgomba uliozaa, kama si kupisha kaburi?

Nikamuuliza, "Shemeji, mnafanya nini?"

"Tunataka kupanda kahawa."

"Kiangazi chote hiki?"

Akashika jembe lake akaanza kulifuta udongo. Hapo nikaelewa kuku, nikaelewa maziwa, nikaelewa na ile asante. Nikakaa chini na ndoo yangu nikalia, siwafichi. Nililia kwa ajili ya watoto wangu. Halafu machozi yakakata, zikaja hasira, na hasira hizo namshukuru Mungu mpaka leo, kwa sababu ndizo zilizoniinua pale chini.

Asubuhi nikapanda bodaboda peke yangu mpaka hospitali. Daktari akaniuliza, "Mama, umekuja na nani?"

"Nimekuja na titi langu," nikamjibu. "Dokta, niambie mimi naumwa nini. Kama nakufa, sema nakufa. Nina watoto, nina kibanja, nina mambo ya kupanga. Nyumbani wameshaanza kunitafutia pa kulala."

Akavua miwani, akaniambia ni kansa. Akasema ndugu zangu walimwomba asiniambie, walihofia nitakata tamaa.

"Na dawa ipo?"

"Kuna upasuaji, halafu dawa za dripu kwenye hospitali ya rufaa. Nilishauri ufanyike mapema. Wakasema hutauweza, bora utulie nyumbani."

"Na wewe ukakubali?"

Akasema, "Hapa kwetu ndivyo tulivyozoea, mama. Tunaongea na familia."

"Na sasa hivi bado inawezekana?"

"Uvimbe umekua. Inawezekana, ila siwezi kukuahidi."

"Sijaomba ahadi, nimeomba kujua. Sasa nimejua. Andika barua ya rufaa nikiwa nimekaa hapa hapa." Akaandika.

Niliporudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Nimeambiwa." Alikaa chini mlangoni, mtu mzima yule, akalia mpaka mabega yanatikisika. Akasema, "Niliona nikikutamkia, ndiyo nitakuwa nimekuua kwa mdomo wangu." Nilimpenda na nilimkasirikia kwa wakati mmoja. Nikamwambia, "Futa uso, tunasafiri." Na shemeji nikampitia kwake: "Pale mlipofyeka, mvua ikinyesha pandeni maharage. Mimi siendi kulala pale." Maharage yalipandwa, tukayala, na yeye alikula.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Titi lilikatwa. Nywele ziliondoka zote, kucha zikawa nyeusi, chakula nikakichukia, hata harufu ya kahawa nilikuwa natapika. Kuna siku nilisema basi, nirudisheni. Lakini safari hii maneno ya kurudi au kubaki yalikuwa yanatoka kinywani mwangu, na kesho yake nilisema mwenyewe, "Nitundikieni hiyo dripu." Nikamaliza. Leo mnaniona, nalima na ugomvi nimerudia.

Mwaka huu yule daktari alikuja nyumbani. Anataka kuandika habari za ugonjwa wangu kwenye jarida linalosomwa na madaktari wa nchi nyingi, bila jina wala picha, ili wajifunze. Akaomba ruhusa. Nikamwambia nisomee kwanza, kwa Kiswahili. Akasoma: umri, uvimbe, vipimo, vyote sawa. Akafika mahali akasoma, "Mwanzoni mgonjwa alikataa upasuaji."

Nikamwambia, "Simama hapo. Nani alikataa?"

"Ndivyo ilivyo kwenye faili, mama."

"Dokta, watu wa nchi zote hizo watajua kwamba kuna mwanamke wa Karagwe aliletewa uzima akaukataa. Mimi nilikataa saa ngapi?"

Akatoa kalamu akaniuliza, "Niandike nini?"

"Andika kwamba mgonjwa hakuulizwa. Alipoulizwa, alikubali siku hiyo hiyo."

Akafuta, akaandika, akanisomea tena. Hapo ndipo nikampa ruhusa. Na aliniomba radhi mbele ya mume wangu, nami nikampokea, kwa sababu siku hizi anamwita mgonjwa kwanza na kumuuliza angependa nani asikie pamoja naye.

Basi nawashukuru. Namshukuru mume wangu, aliyeniosha kidonda kwa mikono yake bila kukunja uso. Nawashukuru akina mama wa jumuiya yetu waliopalilia kibanja changu nikiwa mbali, na nesi mmoja wa hospitali ya rufaa kule ng'ambo ya ziwa ambaye hakuwahi kunitundikia dripu bila kunieleza ina nini ndani. Mungu awakumbuke.

Akina baba, najua mnaficha kwa upendo. Upendo huo ulikaribia kunizika. Mwambieni mtu ugonjwa wake, mkae naye alie, halafu mmuulize anataka nini.

Na wewe mama uliyeninong'oneza pale mlangoni kwamba majibu yako ni wiki ijayo, sikutaji wala sikuangalii. Namba yangu ya simu anayo kiongozi wenu, atakupa. Nitakuja nikusindikize mpaka kwenye mlango wa daktari. Lakini kuingia, utaingia wewe.