Kaka Yetu Aliyekuwa Akichelewa Kijitoni

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Kijito, alizaliwa tarehe 9 Mei 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yetu alikuwa mkata miti. Mwanawe alipoanza kuichunguza miti hiyohiyo, Baba alisema amezaliwa kumlipia dhambi.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1987 akahitimu chuo kikuu katika masomo ya maji.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kituo cha utafiti, akakabidhiwa bonde moja dogo la msitu mlimani. Alitaka kujua mvua inayonyesha kule inakwenda wapi: kiasi gani hunywewa na miti, kiasi gani hufika kijitoni. Kijito kilikatizwa na ukuta mfupi wa zege wenye pengo katikati, na maji yalipimwa hapo. Majani yakiziba pengo, maji hupanda nyuma ya ukuta na kipimo hudanganya. Ndiyo maana kila mvua ikikatika alikwenda kuyatoa kwa mkono. Hata alipostaafu hakuacha.

Alifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1993. Mvua ilinyesha wageni wakiwa wameketi, na bwana harusi akatoweka. Alirudi na suti imelowa hadi magotini, jani limemnata kwenye mkono wa koti. Bibi harusi akasema, "Kumbe mmeniozesha kwenye uke wenza!" Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Tangu siku hiyo, akichelewa tulisema yuko kwa bi mkubwa. Utani huo tuliupenda kupita kiasi.

Mwaka 2019 alikutwa na shinikizo la damu. Daktari alimkataza kwenda mlimani peke yake. Sote tuliitikia, lakini zamu ya kumsindikiza hakuna aliyeipanga.

Jumapili tarehe 3 Machi 2024 mvua ilinyesha asubuhi, naye akaondoka. Tulikuwa tumekuja kwake kwa chakula cha mchana. Simu yake iliita bila kupokelewa.

"Jamani, leo amepitiliza," mkewe alisema. "Tumfuateni."

Mimi, mdogo wake, nikamjibu, "Shemeji, kaa ule. Yuko kwa bi mkubwa, akichoka atarudi."

Tukacheka wote. Akaketi. Tulikuwa kwenye chai alipoinuka, akavaa buti za mumewe, akatoka bila kumwomba mtu ruhusa. Tulimfuata kwa aibu. Tulimkuta kaka ameegemea ule ukuta, upande mmoja umekufa ganzi, macho yako wazi. Majani alikuwa ameshayatoa.

Alifariki hospitalini Jumatano tarehe 6 Machi kwa kiharusi. Daktari alieleza kwamba angefikishwa mapema huenda wangemwokoa. Hakutulaumu, na mimi nilitamani atulaumu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada wawili na mimi. Jana mjane aliusoma wasifu huu akaniambia, "Shemeji, hayo ya chakula yafute. Watu watakusema." Nimekataa. Acha waseme.

Mungu amjalie pumziko jema. Kaka, utuwie radhi. Tulipokuwa tukicheka, wewe ulikuwa ukitungoja.